Salome na Ng'ombe wa Kwenye Kioo

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia nane ishirini na mbili. Hapana, nasema ovyo. Mwaka wa ishirini na mbili nilikuwa nimelala Thun, mguu umevimba kama boga, sikwenda popote. Basi ilikuwa ishirini na tatu, majani yameshaanza kuwa mekundu, na ng'ombe wameshateremshwa kutoka malisho ya juu. Hilo la ng'ombe nina hakika nalo, kwa sababu nilipofika bondeni kwa kina Rieben sikuulizwa habari za safari wala sikupewa kiti. Niliulizwa jambo moja tu.

"Karatasi, Alhamisi ulikuwa wapi? Hukupita darajani?"

Karatasi ndilo jina nililopewa na bonde lile, na silikatai. Nilikuwa natembea na sanduku la mbao mgongoni, ndani yake picha za kuchapwa: wafalme waliokufa, wafalme ambao hawajajua bado kwamba watakufa, safina ya Nuhu, na kuanzia miaka ile, milima. Watu wa mjini walikuwa wameshikwa na homa ya milima. Walitaka mlima wenye dhoruba, chini yake mto wenye hasira, na kando ya mto ng'ombe wametulia kana kwamba hayawahusu. Nikawauzia. Watu wa milimani wenyewe walikuwa wakinunua picha za bahari.

Aliyeniuliza habari za darajani alikuwa Salome Rieben, mjane, na ni yeye hasa ninayetaka kumweleza. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ungeisikia kabla ya mbwa wake. Akizungumza nawe hakuacha kazi. Ungeongea na mgongo wake asubuhi nzima, na mgongo ungekujibu vizuri tu. Mfukoni mwa aproni hakukosa mapeya makavu, na akitaka kukunyamazisha alikutilia moja mkononi. Alizaliwa bonde la pili, mwendo wa asubuhi moja, lakini kwa watu wa bonde lile huko ni ugenini. Alikuwa ameolewa pale, amemzika mume pale, amelipia kiti kanisani, na bado wakimtaja walisema "yule wa ng'ambo".

Tena alikuwa na jambo lake moja ambalo bonde zima lilikuwa limeshindwa kulimeza. Bondeni mle ng'ombe hukamuliwa kutoka ubavu wake wa kulia. Sijui nani aliamua, lakini ndivyo ilivyo, na ng'ombe wenyewe wanajua. Salome alikuwa anakaa kushoto. Wengine walisema ndiyo desturi ya ng'ambo, lakini wa ng'ambo nao walikataa. Wengine walisema ni ukaidi tu. Wakati mmoja aliugua homa, na Jaggi, mtengeneza jibini, akaenda kumsaidia kukamua. Akaketi kulia kama watu wengine. Ng'ombe alimrusha yeye na ndoo yake mpaka mlangoni, na Jaggi akachechemea hadi mavuno.

"Ng'ombe wako hawana adabu," alimwambia Salome.

"Wana adabu sana," Salome akamjibu kutoka kitandani. "Hawapokei wageni wasiobisha hodi."

Sasa niingie kwenye jambo la daraja, na siwezi kuingia bila kueleza kengele.

Marehemu mzee Rieben alikuwa na wana wawili, Benedicht na Kaspar. Kaspar ndiye mume wa Salome. Mzee alipokaribia kufa aliwagawia mali yake vizuri: nyumba ya chini kwa Benedicht, ya juu kwa Kaspar, na wale mitamba wawili mapacha kila mmoja wake. Ikabaki kengele. Ilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama, na ukanda wake wa ngozi ulishonwa maua mekundu na ya kijani. Ng'ombe aliyeivaa ndiye aliyetangulia mbele ya kundi la bonde zima wakati wa kupanda malishoni. Kengele haigawanyiki. Mzee akasema, "Avae atakayetangulia," akageukia ukutani, na hiyo ndiyo ikawa sheria. Kila vuli, ng'ombe wakishuka, wa kwanza kati ya wale mapacha kukanyaga daraja ndiye mshindi. Kengele hukaa majira yote ya baridi ukutani kwa mwenye ng'ombe huyo, na majira ya kuchipua huivaa ng'ombe wake.

Pacha wa Benedicht aliitwa Falka, na wa Kaspar aliitwa Lusti. Wote wawili wekundu, wote wawili wakubwa, na kila mmoja alikuwa na baka moja jeupe ubavuni lenye umbo la glavu ya vidole vitano. Lusti baka lake lilikuwa kushoto, Falka kulia. Ungedhani mtu alimpaka mmoja chokaa halafu akamlaza juu ya mwenzake.

Tangu mzee afe, Falka ndiye aliyetangulia kila mwaka. Kaspar alikufa kwa kifua bila kuiona kengele ya baba yake ikining'inia ukutani kwake hata siku moja. Msumari alikuwa ameshaupigilia, upo pale juu ya meko, na Salome hakuung'oa wala hakuning'iniza kitu kingine. Ukiingia kwake ulikuwa unauona msumari kwanza.

Basi Alhamisi ile ukungu ulikuwa mzito, kundi likashuka. Salome, aliyekuwa akitembea ubavuni mwa Lusti, aliapa kwamba Lusti ndiye aliyetangulia kukanyaga mbao. Benedicht aliapa kwamba ni Falka.

"Ulikuwa nyuma kabisa, shemeji," Salome alimwambia. "Ulionaje?"

"Nilisikia mwendo wake. Namjua Falka kwa mwendo."

"Mimi nakujua wewe kwa mwendo. Ndiyo maana nasema ulikuwa nyuma."

Jaggi alikuwa mbele ya wote, lakini alikuwa anatazama mbele, na alikuwa ameanza kusherehekea tangu huko juu. Kila aliyemuuliza alimwambia alichotaka kusikia. Akabaki shahidi mmoja tu: mchoraji, kijana wa Bern, bwana Theophil Hagnauer, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe kando ya mto, kitabu cha michoro magotini, anachora kundi likivuka. Juma zima alikuwa analala kwenye nyasi kavu ghalani kwa Salome na kula mezani kwa Benedicht, ambaye mke wake alipika vizuri zaidi. Walipomfuata wote wawili wakamuuliza, yule kijana alitazama kitanda chake, akatazama sahani yake, akafunga kitabu.

"Msiniulize," alisema. "Mchoro mbichi sionyeshi mtu. Nitauchonga kwenye shaba, utachapwa, mtaona wenyewe. Nilichokiona ndicho nilichokichora."

Kesho yake akaondoka. Hiyo ndiyo ikawa hukumu. Kengele ikawekwa kilabuni, kwenye boriti juu ya pipa, isubiri picha. Benedicht alikubali, Salome alikubali.

"Heri hivyo," alisema Jaggi. "Picha haina shemeji."

Nilikaa siku chache, nikabadilishana bahari mbili kwa kipande cha jibini, nikaendelea na safari zangu. Majira ya baridi yote, popote nilipopita bondeni, hakuna aliyeuliza bei ya ngano. Waliuliza kama picha imetoka.

Ikatoka theluji ilipoanza kuyeyuka. Niliikuta Bern kwa mchapaji, bado ina harufu ya wino. Niliitambua mara moja, nikatabasamu, kisha tabasamu likanitoka. Kati ya sisi wenye kubeba picha na wale wenye kuzichapa hakuna asiyejua jambo hili: ukichora kwenye sahani ya shaba, ukapaka wino, ukabana karatasi juu yake, picha inatoka imegeuka. Kulia kunakuwa kushoto. Mafundi wazoefu huanza kwa kuugeuza mchoro wao ndipo wachonge, ili ukichapwa urudi sawa. Huyu kijana alikuwa anachonga kwa mara ya kwanza. Aliuhamisha mchoro wake kwenye shaba kama ulivyo, akawaachia wachapaji sahani, akaenda Roma kutazama magofu. Nami nikapanda bondeni na lile zigo mgongoni, nikijua ndani yake kuna nini.

Niliifungua kilabuni, Jumapili baada ya ibada. Salome alikuwepo, kwa sababu ya kengele, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wanawake hukaa upande wa jikoni. Niliilaza mezani, wakaizunguka.

Ilikuwa picha nzuri, nisiseme uongo. Kule nyuma palikuwa na mlima wa bonde lile, wanaouita Jino, umevikwa wingu jeusi, na radi inaupiga begani. Kando yake maporomoko ya maji, marefu, meupe. Juu ya mwamba mbuzi watatu wa miambani walikuwa wamesimama wakitazama chini kama waalikwa wa harusi waliofika mapema. Tai naye alikuwepo. Chini ya hayo yote, lile daraja, na ng'ombe wanavuka, wa mbele ameinua kichwa na pumzi inamtoka puani. Pembeni kabisa, chini ya mti, mwanamke ameketi kwenye kigoda anakamua ng'ombe mwingine, hana habari na radi.

Hakuna aliyetazama mlima. Hakuna aliyetazama mbuzi wala tai. Vichwa vyote vilikuwa juu ya ng'ombe wa mbele, aliyekuwa anaelekea kulia, na ubavuni pake, ubavu wa kulia, palikuwa na glavu nyeupe ya vidole vitano.

"Falka," alisema Benedicht.

Hakusema kwa kujigamba. Benedicht hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkubwa, mpole, anachana ndevu zake kwa kitana cha pembe, na anapenda haki hasa inapokuwa upande wake.

"Falka," alisema na Jaggi. "Baka la kulia. Pole, mama."

Salome akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Huyu ni Lusti. Shingo hii naijua."

"Shingo haina baka, shemeji."

"Na wewe huna macho. Lusti akikanyaga mbao huinua kichwa. Falka huinamisha, ananusa, kama wewe ukiletewa supu."

Watu wakacheka, lakini walicheka kwa huruma, na Salome alilisikia hilo. Ndipo nikasema. Niliwaeleza habari za shaba na karatasi, na nilipoona macho yao yamekuwa kama ya samaki nikatafuta mfano wa karibu. Nyumbani kwa kila mtu pale pana kibao cha siagi, kile kilichochongwa ua au ng'ombe, cha kubania siagi ipate pambo.

"Ng'ombe wa kwenye kibao akitazama kulia," nikawauliza, "kwenye siagi anatazama wapi?"

"Kushoto," walisema wengi.

"Basi ndiyo hivyo hivyo. Shaba ni kibao, karatasi ni siagi."

Benedicht akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa muda, na ungeweza kumtazama akifikiri kama unavyotazama gari la nyasi likipanda kilima.

"Kwa hiyo na mlima umegeuka?"

"Umegeuka. Nenda dirishani utazame."

Wakaenda wote. Jino la kweli ncha yake inainamia kushoto. Wakarudi mezani. Jino la karatasi lilikuwa linainamia kulia. Pakawa na minong'ono, na nikaona mabega ya Salome yanapanda.

"Na haya maporomoko?" Benedicht akauliza, kidole juu ya karatasi. "Yakigeuzwa yanakwenda wapi? Kwetu hayapo kulia wala kushoto."

"Hayo ameyatunga."

"Radi?"

"Ameitunga. Siku ile ilikuwa ukungu tu."

"Na hawa mbuzi?"

"Nao pia, nadhani."

"Na tai?"

Nikaanza kukaza mikanda ya sanduku langu.

"Sikiliza, Karatasi," Benedicht akasema taratibu. "Mtu aliyetubebea maporomoko yote hayo kutoka kwao Bern, atashindwa kuugeuza mlima mmoja? Mlima kaupanga apendavyo. Anga kalipanga apendavyo. Lakini ng'ombe wangu hakumtunga. Hilo baka hawezi mtu kulitunga. Picha si siagi."

Watu wakakubali. Hata mimi, nisingekuwa ninajua, ningekubali. Jaggi akavuta kigoda ili apande kuishusha kengele. Nikamtafuta Salome kwa macho, nikakuta mlango uko wazi.

"Kaenda kulia," mtu mmoja akasema.

"Salome?" akasema Jaggi, tayari yuko juu ya kigoda. "Labda kaenda kuleta shoka."

Wakaagiza kinywaji. Benedicht hakunywa, nadhani alikuwa anaona aibu kidogo ya kumshinda mke wa marehemu kaka yake mbele za watu. Alikuwa anakichezea kitana chake. Kisha mlango ukasukumwa, na Salome akaingia anahema, theluji imemganda mpaka magotini, ameshika kitu chini ya aproni. Akakitoa. Kilikuwa kioo, kioo kidogo cha kunyolea chenye fremu ya mbao, kona moja imevunjika. Wote walikijua. Kaspar alikuwa anakining'iniza kwenye dirisha la nje Jumamosi jioni na kunyoa huku akisalimia wapita njia.

"Shuka hapo juu," alimwambia Jaggi, "kabla sijakushusha."

Akaisimamisha picha kwenye jagi, akakishika kioo mbele yake. "Njooni. Msitazame karatasi. Tazameni humu."

Wakajipanga kama watu wanaopokea ushirika. Wa kwanza alikuwa Jaggi, naye badala ya kutazama picha alijitazama yeye mwenyewe, akashika kidevu, akasikitika.

"Sogea, Jaggi. Uso wako hakuna aliyeubishania."

Waliofuata waliona. Ndani ya kioo Jino lilikuwa limeinama kushoto, kama lile la dirishani. Ng'ombe alikuwa anaelekea kushoto, kichwa juu, na glavu nyeupe iko ubavu wa kushoto. Alikuwa Lusti mtupu. Mmoja aliguna, mwingine akamgusa mwenzake kiwiko, na kilabu kikaanza kuinamia upande wa pili kama mashua.

Zamu ya Benedicht ikafika. Alitazama muda mrefu. Aliangalia karatasi, akaangalia kioo, akarudi kwenye karatasi. Halafu uso wake ukakunjuka, kama mtu aliyekuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua.

"Haya," akasema. "Na huyu?"

"Nani?"

"Huyu mwanamke wa pembeni anayekamua. Njooni muone nyote. Kwenye karatasi kaketi kulia kwa ng'ombe, kama binadamu. Kwenye kioo chako, shemeji, kaketi kushoto." Akageuka kuwatazama watu, amefungua mikono. "Sasa niambieni. Kioo hiki kinasema kweli? Nani katika bonde hili anakamua ng'ombe kutoka kushoto?"

Jiko lilikuwa linanguruma. Mtu mmoja akakohoa, akaacha katikati. Jaggi taratibu akaupeleka mkono kwenye paja lake, pale alipopigwa teke, akapasugua.

"Benedicht," akasema kwa upole, "hebu rudia swali."

Benedicht akafungua kinywa. Nikaona lile gari la nyasi linapanda kilima, linapanda, linafika juu. Wekundu ukaanzia shingoni, ukapita chini ya ndevu, ukatokea mashavuni.

Salome bado alikuwa ameshikilia kioo, mkono haujashuka. "Rudia, shemeji," akasema. "Mimi wa ng'ambo, mambo mengine siyasikii vizuri."

Sijapata kusikia watu wakicheka vile. Mwenye kilabu alilazimika kukaa. Na cha ajabu, Benedicht alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akaegemea pipa, na kengele juu yake ikatetemeka ikalia kidogo yenyewe. Kisha akafuta macho, akapanda kwenye kigoda, akaishusha kengele kwa mikono yake, akaitia begani. Hakumruhusu mtu mwingine aibebe. Alipanda nayo mpaka nyumba ya juu, inalia kila hatua, na watu wakatoka milangoni wakidhani ng'ombe wameshaanza kupanda kabla ya wakati. Mimi na Salome tulimfuata nyuma.

Aliitundika kwenye ule msumari juu ya meko. Akarudi nyuma kuitazama.

"Msumari wako umepinda, shemeji," alisema.

"Aliupigilia kaka yako."

"Ndiyo," Benedicht akasema. "Nauona mkono wake." Akapewa peya kavu, akaenda zake.

Majira yale ya kuchipua Lusti alipanda na kengele. Sitaki kudanganya kwamba mambo yakaishia hapo kwa heshima. Vuli iliyofuata Falka alitangulia peupe, jua linawaka, na kengele ikarudi chini. Ikaendelea hivyo, juu na chini, mpaka mapacha wakazeeka, wakawaachia mabinti zao ugomvi. Lakini ile picha Salome aliichukua kwangu siku ile ile kwa kipande cha jibini ambacho nilikibeba kwa taabu kuliko sanduku langu. Akaitundika ukuta wa mlangoni. Na ukuta wa mbele yake, karibu na msumari, akatundika kile kioo cha Kaspar. Mgeni akiingia na kuinyooshea picha shingo, alishikwa mabega akageuzwa.

"Huku," Salome alikuwa anasema. "Hiyo ni siagi. Tazama huku."

Basi kwa Salome watu waliketi wameipa picha mgongo, wanaitazama mbele yao kiooni, na aliyezoea hakuona ajabu. Nilikuwa napita kila mwaka. Niliwekwa kwenye benchi, nikapewa maziwa ya moto, nikausikiliza mgongo wake ukinieleza habari za mwaka mzima.

Mwaka mmoja, nimeshaanza kuwa na mvi, nilikuwa nimeketi pale natazama kioo bila kutazama, kama mtu anavyotazama moto. Na katika kona, chini ya tumbo la ng'ombe anayekamuliwa, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, nikaona kitu. Nikainuka nikaisogelea picha yenyewe. Ng'ambo ya ng'ombe, upande wa pili, palikuwa na kigoda kingine. Kigoda cha miguu mitatu, kidogo kama ukucha, kimewekwa vizuri mahali pa kukalia, na hakuna mtu. Picha ile nilikuwa nimeshaiuza Basel, Zürich, mpaka kwa Wafaransa, na sikuwa nimewahi kukiona.

Nikakumbuka jambo. Mara ya kwanza kupita bonde lile nilikuwa kijana, na Kaspar alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Walikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Niliingia zizini kuuliza njia, nikawakuta wote wawili wanamkamua ng'ombe huyo mmoja kwa wakati mmoja, Kaspar kulia kama desturi, Salome kushoto kwa sababu kulia kulikuwa kumejaa. Kila mmoja ameegemeza kipaji kwenye ubavu wake, wanabishana kupitia chini ya tumbo, kitu kuhusu paa linalovuja. Maziwa yalikuwa yanalia ndooni mara huku mara huku. Ng'ombe alikuwa ametulia tuli, kama mtu aliyeketi katikati ya wazazi wake.

"Salome," nikauambia mgongo. "Hiki kigoda cha pili ni cha nani?"

Mgongo ukasimama kidogo. Kisha ukaendelea kuosha vyombo.

"Kunywa maziwa yako, Karatasi. Yanapoa."

Asubuhi kabla sijaondoka nilipitia zizini kumuaga. Alikuwa anakamua, upande wake wa kushoto, na upande wa kulia palikuwa na kigoda, kimefutwa, hakina vumbi wala nyasi. Nilisimama mlangoni na sanduku mgongoni, kama nilivyosimama mara zote. Akasema safari njema bila kugeuka. Nikaenda.

Mchoraji nilikutana naye Bern, amenenepa, ana wanafunzi. Nilimuuliza. Alikumbuka radi, alikumbuka tai. "Kigoda gani?" akasema. Salome naye alikwisha kufa, mtoto wa Benedicht akachukua kioo cha kunyolea, na picha nikapewa mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka bila kioo. Iko hapa juu ya kitanda changu, na ng'ombe anaelekea kulia. Nimeizoea. Ila usingizi ukichelewa huwa nakitazama kile kigoda kilichowekwa vizuri vile, nakumbuka miaka yote ile nilivyosimama mlangoni pa zizi na mzigo wangu, nikidhani kina mwenyewe. Kilikuwa kimewekewa Kaspar, au kilikuwa cha yeyote ambaye angeingia akaketi?